Mapigo ya Moyo Yanaporejea Baada ya Tiba

Mada ya leo ni hali inayowashtua wagonjwa wengi pamoja na jamaa zao, nayo ni kurejea kwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kwa mtu ambaye amekwisha kufanyiwa tiba ya kuyarekebisha na kuruhusiwa kwenda nyumbani akiamini kwamba shida imekwisha. Je, kurejea huko kuna maana kwamba tiba imeshindwa? Je, mgonjwa anayejisikia vizuri anaweza kuacha dawa? Na moyo unapoanza kwenda mbio usiku wa manane, ni wakati gani wa kukimbilia hospitali, na ni wakati gani wa kutulia na kuandika kilichotokea? Maswali hayo matatu ndiyo yatakayoongoza mazungumzo haya, na jibu lake kwa ufupi ni kwamba hisia ya mgonjwa, ingawa ni ya kweli na inastahili kusikilizwa, haitoshi kuwa kipimo, kwa sababu moyo unaweza kudunda kwa kishindo pasipo hatari kubwa, na unaweza pia kupoteza mpangilio kimyakimya huku hatari ikiendelea.

Ni vyema kuanza na namna moyo unavyopiga. Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu vinavyoitwa atria na viwili vya chini vinavyoitwa ventriko, na kila pigo la kawaida huanzia katika kikundi kidogo cha seli kilichomo kwenye atria ya kulia, ambacho hutoa umeme hafifu unaosambaa kwanza katika vyumba vya juu, kisha ukashuka hadi vya chini. Tatizo linalozungumziwa leo huitwa mpapatiko wa atria, yaani hali ambayo umeme huzunguka ovyo katika vyumba vya juu, kuta zake zikatetemeka badala ya kujikaza kwa pamoja, na vyumba vya chini vikapokea amri zisizolingana kwa muda, ndiyo maana mapigo huwa ya kasi na hayafuatani kwa utaratibu. Kwa kuwa damu haisukumwi ipasavyo, huweza kutuama katika kijifuko kilichomo kwenye atria ya kushoto na kuganda, na bonge hilo likichomoka na kufika kwenye ubongo huziba mshipa na kusababisha kiharusi. Msikilizaji aishike nukta hii, kwa sababu mazungumzo yatairudia: mpapatiko wenyewe husumbua, lakini bonge la damu huweza kuua au kulemaza.

Sasa, tiba ya kurekebisha ni ipi? Mwaka 1998 daktari Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba cheche nyingi zinazoanzisha mpapatiko hutoka katika vena za mapafu, yaani mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni hadi atria ya kushoto. Kutokana na ugunduzi huo ilikua tiba iitwayo ablesheni, ambapo daktari hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba unaonyumbulika, kupitia vena ya kinenani hadi ndani ya moyo, kisha akaunguza tishu zilizozunguka midomo ya vena hizo kwa joto, au akazigandisha kwa baridi kali, au, katika mbinu ya miaka ya karibuni, akaziua kwa mapigo mafupi sana ya umeme. Shabaha ya mbinu zote ni moja, nayo ni kuacha kovu linalozunguka mdomo wa kila vena, kwa kuwa kovu halipitishi umeme na kwa hiyo cheche hubaki zimefungiwa ndani. Kovu hilo ni kama ua lililozungushiwa zizi la mbuzi: likikamilika mbuzi hatoki, lakini upenyo mmoja mdogo ukibaki hutosha kuwatoa wote.

Hapo ndipo linapokuja swali la kwanza, la kama tiba imeshindwa: kwa nini tatizo hurejea? Jibu hutegemea sana wakati lilipotokea, na ndiyo maana jambo la kwanza ambalo daktari huuliza ni tarehe ya tiba na tarehe ya dalili.

Katika majuma ya mwanzo, moyo uliofanyiwa ablesheni ni kiungo chenye kidonda kibichi. Tishu zimevimba, na uvimbe wenyewe unaweza kuchochea mapigo ya ziada au vipindi vya mpapatiko ambavyo baadaye hutoweka kadiri kidonda kinavyopona. Kwa sababu hiyo wataalamu hutenga kipindi cha kusubiri, ambacho kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa miezi mitatu, na ambacho tamko la pamoja la vyama vya kimataifa vya wataalamu wa mapigo ya moyo la mwaka 2024 lilikifupisha kuwa majuma manane. Kinachotokea ndani ya kipindi hicho hutibiwa kikihitaji kutibiwa, lakini hakihesabiwi mara moja kuwa ni kushindwa kwa tiba. Aidha, wagonjwa wengi huona kwamba moyo wao ukiwa umetulia hupiga kwa kasi zaidi kuliko zamani, na hali hiyo huweza kudumu kwa miezi kadhaa, kwa kuwa kuunguza huko hugusa pia neva ndogo zinazopunguza kasi ya moyo. Mapigo ya namna hiyo huenda kasi, lakini yakipimwa huonekana yamepangika, jambo linaloyatofautisha na mpapatiko.

Baada ya kipindi cha kusubiri kupita, kurejea kwa mpapatiko huwa na maana nyingine. Mara nyingi sababu yake ni kwamba sehemu ya tishu iliyozubaa wakati wa tiba haikufa, ikapona na kuanza tena kupitisha umeme. Wakati mwingine vena zimefungwa barabara, lakini cheche zinatoka mahali pengine katika atria, au umeme umepata njia ya kuzunguka makovu yenyewe, hali inayozaa mapigo ya kasi yaliyopangika ambayo huitwa flata ya atria. Na tatizo likirejea baada ya miaka kadhaa, huenda ikawa ugonjwa wenyewe umesonga mbele, kwa sababu shinikizo la damu, unene na umri huendelea kutanua atria na kujaza makovu ndani yake, na hakuna katheta inayoweza kuzuia mabadiliko hayo peke yake. Kwa hiyo, msikilizaji, neno kurejea lina sura tatu: kidonda kibichi, kovu lenye upenyo, na ugonjwa unaoendelea kukua; na kila moja ina tiba yake.

Je, basi, mafanikio hupimwaje? Utafiti mmoja wa Kanada uliochapishwa mwaka 2019, ambao uliwapandikizia wagonjwa kifaa kidogo chini ya ngozi ili kurekodi mapigo usiku na mchana, ulionyesha kwamba takribani nusu yao walipata angalau kipindi kimoja cha tatizo ndani ya mwaka mmoja baada ya ablesheni, lakini jumla ya muda ambao mioyo yao ilikuwa katika mpapatiko ilipungua kwa zaidi ya asilimia 98. Mtu akiangalia takwimu ya kwanza pekee atasema kwamba tiba hiyo inamfaa mtu mmoja kati ya wawili. Akiangalia ya pili atatambua kwamba mgonjwa aliyekuwa akisumbuliwa kwa siku nzima huenda sasa anasumbuliwa kwa dakika chache tu. Kurejea, kwa hiyo, si lazima kuwe kushindwa, na swali linalofaa kuulizwa kliniki ni mara ngapi, kwa muda gani, na kwa athari gani.

Hata hivyo, kuna upande wa pili ambao ni wa hatari zaidi kwa sababu hautoi sauti. Utafiti mwingine wa mwaka 2013, uliotumia vifaa vya aina hiyohiyo, uligundua kwamba kabla ya ablesheni vipindi vya mpapatiko ambavyo mgonjwa hakuvihisi vilikaribiana kwa idadi na vile alivyovihisi, ilhali baada ya ablesheni vile visivyohisiwa vilikuwa karibu mara nne ya vinavyohisiwa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba tiba huweza kupunguza tatizo na wakati huohuo ikapunguza uwezo wa mgonjwa kulitambua, hata akadhani amepona kabisa kwa sababu tu hasikii kitu.

Kutokana na hilo linakuja swali la pili, la dawa. Dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo watu wengi huziita dawa za kuyeyusha damu, hazitolewi kwa kufuata jinsi mgonjwa anavyojisikia, bali kwa kufuata hatari yake ya kupata kiharusi, ambayo hupimwa kwa umri, shinikizo la juu la damu, kisukari, moyo kushindwa kufanya kazi, maradhi ya mishipa na historia ya kiharusi. Kila mgonjwa huendelea nazo kwa angalau miezi miwili baada ya ablesheni, na yule ambaye hatari yake ni kubwa hushauriwa kuendelea hata kama mapigo yametulia. Suala la kuacha baada ya muda mrefu wa utulivu uliothibitishwa kwa vipimo ni la kujadiliwa na daktari, wala si la kuamuliwa nyumbani baada ya chupa ya vidonge kwisha.

Katika Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wapo wagonjwa ambao mpapatiko wao umetokana na vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, yaani homa inayofuatia maambukizi ya koo utotoni na kuacha makovu kwenye vali. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022, uliofanyika Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa hao dawa ya zamani, warfarini, pamoja na nyingine za jamii yake, huwalinda vizuri zaidi kuliko rivaroksabani, ambayo ni miongoni mwa dawa mpya. Anayetumia warfarini hulazimika kupima damu mara kwa mara kwa kipimo cha INR, ambacho huonyesha damu inachukua muda gani kuganda, na kwa wengi wenye mpapatiko lengo huwa kati ya 2 na 3. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, lakini hilo halina maana kwamba mgonjwa anyimwe mboga. Linalotakiwa ni kula kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Zaidi ya mboga, hatari hutoka duka la dawa: metronidazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl na kuinunua mara tu tumbo linapovuruga, huongeza sana nguvu ya warfarini, nazo dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huongeza uwezekano wa kutoka damu kwa anayetumia dawa yoyote ya kuzuia kuganda. Vilevile kwinini na baadhi ya dawa nyingine za malaria hugusa umeme wa moyo, kwa hiyo mgonjwa anayetumia dawa za mapigo, hasa amiodaroni, hana budi kumweleza kila mhudumu wa afya kabla ya kupokea matibabu ya malaria.

Sasa mazungumzo yafike kwenye swali la tatu: afanye nini mtu ambaye moyo wake umeanza tena kwenda mbio? Hatua ya kwanza ni kuketi, na ya pili ni kupima mapigo. Ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, huwekwa juu ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba, zikakandamiza taratibu mpaka mdundo usikike, kisha mapigo yakahesabiwa kwa dakika nzima, kwa kuwa mapigo yasiyo na mpangilio yakihesabiwa kwa sekunde chache tu hutoa jibu la uongo. Wakati wa kuhesabu, mtu ajiulize: je, mapigo yanafuatana sawasawa ijapokuwa ni ya haraka, au yanaruka, yakarundikana, yakatulia, kisha yakakurupuka tena? Baada ya hapo huandika katika daftari tarehe, saa yalipoanza na yalipokoma, hesabu ya dakika moja, kama yalikuwa na mpangilio au la, na alichokuwa akifanya au alichokuwa amekunywa. Daftari la kurasa chache lililoandikwa namna hiyo humsaidia daktari kuliko maneno kwamba moyo ulisumbua sana mwezi uliopita.

Ikiwezekana, mgonjwa afike kwenye kituo cha afya mapigo yakiwa bado yanaendelea ili apimwe ECG, yaani kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi yenye miraba midogo. Katika mapigo ya kawaida, kabla ya kila mchoro mrefu uliochongoka huonekana kilima kidogo kinachowakilisha kazi ya atria. Katika mpapatiko kilima hicho hutoweka, mahali pake pakawa na mstari unaotetereka, na nafasi kati ya mchongoko mmoja na mwingine hazilingani hata kidogo. Karatasi hiyo isiachwe kituoni pasipo nakala, kwani ndiyo inayoweza kuamua kama kilichotokea ni mpapatiko, flata, mapigo ya ziada yasiyo na madhara, au wasiwasi tu. Kwa dalili zisizotabirika, mgonjwa huweza kuvalishwa kifaa cha kurekodi kwa siku nzima au kwa majuma kadhaa.

Yapo, hata hivyo, mazingira ambayo hayasubiri daftari wala miadi. Maumivu ya kifua, kuzirai, au kukosa pumzi ni sababu ya kwenda hospitali papo hapo. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakikorogeka, hiyo ni dalili ya kiharusi na kila dakika ina thamani. Na katika majuma ya mwanzo baada ya ablesheni iko hatari adimu lakini kubwa, nayo ni tundu kati ya atria na umio, yaani njia ya chakula ipitayo nyuma tu ya moyo. Mgonjwa akipata homa, maumivu anapomeza, au dalili za kiharusi, aende hospitali kubwa na aseme waziwazi kwamba alifanyiwa ablesheni, kwa sababu homa hiyo ikidhaniwa kuwa malaria muda hupotea, na kwa sababu madaktari huanza na picha ya CT ya kifua badala ya kupitisha kamera kooni, jambo linaloweza kuzidisha madhara.

Mpapatiko uliothibitishwa na usiokoma hutibiwaje? Daktari huweza kutoa dawa za kurudisha mpangilio au za kupunguza kasi, au akaushtua moyo kwa umeme mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna bonge la damu au kwamba dawa ya kuzuia kuganda imetumika kwa angalau majuma matatu. Tatizo likiendelea baada ya kipindi cha kusubiri, ablesheni ya pili huweza kufanywa, ambapo daktari hutafuta penyo zilizobaki na kuziziba. Wagonjwa waliotibiwa mbali na nyumbani, wakiwemo wale wa Afrika Mashariki wanaosafiri hadi India, hawana budi kurudi na ripoti kamili inayotaja ni vena zipi zilizofungwa, kwa mbinu gani, na moyo ulikuwa katika hali gani mwishoni, kwa kuwa bila ripoti hiyo daktari wa nyumbani huanza upya.

Upo pia upande ulio mikononi mwa mgonjwa mwenyewe. Utafiti uliofanywa Adelaide, Australia, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba watu wanene wenye mpapatiko waliopunguza angalau asilimia 10 ya uzito wao na kuudumisha walikuwa na uwezekano mkubwa mara sita wa kubaki bila tatizo kuliko wale ambao hawakupunguza au waliopunguza kidogo. Utafiti mwingine wa Australia, wa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wanywaji wa kawaida wa pombe walioiacha walirejewa na mpapatiko kwa uchache kuliko walioendelea kunywa. Kudhibiti presha, kisukari na maradhi ya tezi ya thairoidi, kutibu tatizo la pumzi kukatika usingizini, ambalo mwenzi wa chumbani hulitambua kwa mikoromo inayokatika ghafla, na kuepuka miraa, ambayo huongeza kasi ya moyo na shinikizo la damu, ni sehemu ya tiba ileile iliyoanzishwa na katheta. Na kwa mgonjwa anayekusudia kufunga Ramadhani, ratiba ya vidonge, hususan vile vya mara mbili kwa siku, na suala la upungufu wa maji mwilini vizungumzwe na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Na hofu je? Ni jambo la kawaida kwa aliyewahi kusumbuliwa na moyo kuusikiliza muda wote, akawa anashika mkono kila baada ya dakika chache, na wasiwasi huo nao huharakisha mapigo na kuzaa wasiwasi mwingine. Jamaa wa nyumbani humsaidia kwa kufahamu dalili za hatari, kwa kujua dawa zinakaa wapi, na kwa kukubaliana naye kwamba mapigo yapimwe kwa nyakati maalumu na pale dalili zinapotokea, basi. Hofu ikizidi na kumnyima mtu usingizi au kazi, itajwe kliniki kama inavyotajwa dalili nyingine yoyote.

Wasikilizaji wapendwa, muda unakaribia kwisha, na ni vyema kurudia yale ya msingi. Mapigo yakirejea katika majuma ya mwanzo, si lazima tiba iwe imeshindwa. Yakirejea baadaye, sababu itafutwe, kwa kuwa zipo njia za kuitibu. Dawa ya kuzuia damu kuganda hufuata hatari ya kiharusi, wala haifuati ukimya wa moyo. Kwa hiyo mgonjwa anayekwenda kliniki baada ya ablesheni abebe vitu vitatu, daftari lake la mapigo, karatasi zake za ECG na vidonge vyote anavyotumia, na asitoke mlangoni kabla ya kuuliza swali hili: kama mapigo yametulia, ni kipimo gani kilichothibitisha hivyo?